Nilivyokuwa Mdomo wa Leokadia Mahakamani

Wadogo zangu, nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Sina mkongojo wala pensheni. Nina watoto wawili, na huyu mdogo yuko mgongoni ninavyoandika, ananivuta nywele. Lakini kazi niliyoifanya nimeimaliza, na sitairudia hata wakinifuata na gari la serikali.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Mahakama ipi, ya Ngara au ya Biharamulo, sisemi, na msinichimbe. Baba yangu ni Mhangaza wa Kanazi. Mama yangu alikuja huku msichana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake waliotoka Shinyanga kutafuta malisho, wakabaki. Kwa hiyo nyumbani nilitukanwa kwa Kihangaza nikachapwa kwa Kisukuma, na Kiswahili nikapewa na shule. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na alama za kunipeleka popote, ila lugha hizo tatu nilikuwa nazo na mahakama ilikuwa haina mtu. Karani alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Unaweza kusimama muda mrefu?" Nikasema naweza. "Haya, kesho uje na viatu vya kufunika vidole." Usaili ukaisha hapo.

Mnaodhani kazi ile ni kujua lugha mmekosea. Lugha huku kila muuza nyanya anazo nne. Kazi ni kusema "mimi".

Siku yangu ya kwanza alisimamishwa mzee aliyeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Akajieleza kwa Kihangaza, nami nikageuka kwa hakimu: "Mheshimiwa, anasema yeye alimchukua mbuzi."

"Yeye nani?"

"Huyu mzee."

"Kwa hiyo mzee anasema kuna mzee mwingine alimchukua?"

Watu wakaanza kucheka. Mzee Nyabenda, mkalimani wa siku nyingi aliyekuwa ananifundisha, akanivuta sketi kwa nyuma. "Binti, sema mimi. Wewe hapo hupo." Nikakohoa, nikapaza sauti: "Mimi nilimchukua mbuzi kwa sababu alikula mihogo yangu, na hata nyama yake ilikuwa ngumu." Sasa kwenye benchi la nyuma alikuwa ndiyo kwanza anaingia shangazi wa mchumba wangu, amekuja kwa shauri lake la shamba. Hakusikia mwanzo. Mpaka leo nikifika ukweni kuna mtu anakwenda kuhesabu mbuzi.

Mengine yote nimeyapata kwa Mzee Nyabenda, nayaweka hapa kwa sababu hakuna atakayewafundisha ninyi mnaoingia kazi hii. Mzee wa Kisukuma ukimuuliza ng'ombe huyu ni wa nani, ataanza na mama wa ng'ombe, aende kwa bibi wa ng'ombe, aende kwenye mahari iliyomleta huyo bibi. Hakimu atafoka, "Ndiyo au hapana?" Usimkatize mzee. Jibu liko kwa bibi wa ng'ombe. Mama mtu mzima hatataja viungo vya mwili mkwe wake akiwa ndani ya chumba. Omba mkwe atoke kwanza, la sivyo mama atasema hajui, na itaandikwa kwamba hajui. Na wakati wa kiapo muwe macho. Karani wetu aliwahi kumuuliza mzee mmoja aliyehamia na mifugo yake, "Dini?" Mzee akasema hana ya kitabu. "Mkristo au Mwislamu?" Mzee akajibu, "Mimi Msukuma." Karani akaandika Mkristo. Upo utaratibu wa mtu kuthibitisha bila kushika kitabu. Mkumbusheni karani, ila mumwinamie sikioni, maana makarani wana hasira kuliko mahakimu.

Haya. Sasa Leokadia.

Huenda kesi yake mmeisikia bila jina. Mawakili vijana wanaitaja kwenye semina, wanaiita hukumu ya kihistoria juu ya mimba na haki za mwanamke. Mimi naiita kesi ya Leokadia kwa sababu ndiye aliyelala ndani.

Ni mtoto wa Murukulazo, Mhangaza. Aliolewa Nyarubungo na Masanja, kijana wa Kisukuma, familia ya ng'ombe wengi na mahindi. Alipokwenda kwa mume alibeba machipukizi ya migomba kutoka kwao akayapanda nyuma ya nyumba. Wakwe walimcheka, eti bibi harusi kaja na chakula chake. Akazaa binti, wakamwita Kabula. Mimba ya pili ilikuwa imeshaonekana kwa nje ilipotoka, akiwa peke yake nyumbani, wote wako shamba.

Nisikilizeni vizuri, maana kesi yote imekaa hapa. Kwa Wahangaza wa kwetu, mtoto ambaye hakufika wakati wake anazikwa na wanawake, karibu na nyumba, chini ya mgomba. Hakuna kulia, hakuna kuita watu. Mwanamume haambiwi, na yeye hata akiona udongo umechimbwa haulizi. Bibi yangu wa Kanazi alisema ukipiga kelele, yule anayefuata anasikia huko aliko na anaogopa kuja. Unanawa, unaendelea na kazi. Moyo wako unajua wenyewe.

Leokadia alifanya hivyo hivyo. Alizika chini ya mgomba wake, akanawa, kesho yake akaingia zizini kukamua.

Kwa watu wa Masanja, hapo ndipo alipoharibu. Kwao mimba ikitoka, mama mkwe lazima aambiwe, na mwanamke haingii zizini mpaka aoshwe kwa dawa, la sivyo mifugo inakwisha. Na kweli ng'ombe wakaanza kuugua. Ilikuwa ndigana, kila mtu mwenye ng'ombe huku anaijua, kupe walikuwa wengi mwaka ule. Lakini mama mkwe alikwenda kumwaga majivu nyuma ya nyumba akaona udongo mbichi. Kikao kikaitishwa. Wakamuuliza Leokadia, akanyamaza. Wakamuuliza tena, akanyamaza tena, kwa sababu kwao hilo halisemwi mbele ya wanaume. Kadiri alivyonyamaza vizuri kama alivyofundishwa, ndivyo alivyozidi kuwa mwuaji.

Mwenyekiti wa kitongoji akaja na mgambo. Wakafukua. Ndani ya nyumba wakakuta kopo lenye udongo wa kulamba, ule uliokandwa na majani ya porini, ambao bibi yake alimtumia kutoka Murukulazo ili mimba ikae vizuri. Kopo likawa "dawa ya kutolea mimba". Shtaka la kujitoa mimba likasomwa, ambalo kwalo sheria inaruhusu afungwe mpaka miaka saba. Dhamana alihitaji mdhamini. Masanja hakuja. Kabula, ambaye alikuwa hajaacha ziwa sawasawa, akabaki kwa mama mkwe.

Nami ndiye niliyepangiwa kusema kwa niaba yake.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Binti wa jirani alikuwa anambembeleza nje, chini ya dirisha la mahakama, na kila akilia maziwa yanashuka. Nimesimama pale, blauzi imelowa, mbele ya wanaume tupu, ninasema: "Mimi nilimzika mwanangu. Nilichimba kwa jembe la mkono mfupi. Nilimfunga kwenye kanga yangu." Karani akanitazama kifuani akatazama pembeni. Nikaendelea. Ningefanyaje?

Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Kwa nini ulizika kwa siri?"

Leokadia akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanakula. "Ndivyo wanavyozikwa."

"Swali ni kwa nini kwa siri."

"Nimekwambia. Ndivyo wanavyozikwa."

Hakimu akasema mshtakiwa ajibu swali. Alikuwa ameshajibu mara mbili! Mtu mwenye kujua, yaani mimi, alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja umeshika kizimba. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kueleza kitu. Kwa Wahangaza—"

"Mkalimani, wewe ni shahidi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ni wakili wake?"

"Hapana."

"Basi wewe hapa ni mdomo. Mdomo haujitumi. Tuendelee."

Tukaendelea. Wakili hakuwa naye, shahidi hakuwa naye, na yule mwendesha mashtaka, kijana wa mbali huko, aliandika kitu akatabasamu. Sikumchukia kwa kutojua. Nilimchukia kwa kutabasamu.

Mzee Nyabenda alikuwa bado hai. Nilimkuta nyumbani kwake anachambua maharage, nikamweleza. Akasema, "Binti, ukikanyaga nje ya mstari hawatakurudisha ndani."

"Mzee, wanamfunga kwa sababu hakuna wa kuwaambia."

"Kwani wakiambiwa hawatamfunga?"

Nilipanda bodaboda mpaka Murukulazo, mtoto kifuani, vumbi limetupaka wote rangi moja.

Bibi yake Leokadia, Bibi Anastazia, nilimkuta shambani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema maneno ya mjukuu wangu?"

Nikasema ndiye mimi. Yeye alikuwa ameambiwa tu kwamba Leokadia ana kesi ya ng'ombe. Nikamweleza yote, mgomba, jembe, kikao. Alikuwa ananisikiliza huku anapalilia, hasimami. Nilipofika kwa mgambo akasimama.

"Wamefukua?"

"Wamefukua, bibi."

Akaweka jembe chini. "Na nani amemzika tena?"

Nilijua alipo, yuko kwenye mfuko, kwenye chumba fulani, ana namba. Ningelisemaje hilo kwa Kihangaza? Mimi mkalimani.

Bibi alikuja mahakamani. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa nisije tena, maana mwendesha mashtaka alisikia nimekwenda Murukulazo, akasema nimejiingiza kwenye kesi. Kweli nilijiingiza. Nikakaa benchi la nyuma kama raia mwingine, nikamnyonyesha mwanangu humo humo. Karani akanionyesha mlango kwa kidevu, nami nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Akaniacha.

Walileta mkalimani mwingine, kijana mwenye Kirundi cha sokoni. Bibi alimwelewa, maana Kirundi na Kihangaza ni ndugu, ila alimkemea kila mara: "Simama wima, mwanangu, unazungumza na wakubwa."

Wakamwonyesha kopo. "Unalitambua?"

"Ni udongo wangu. Nimeuchimba mwenyewe. Nipeni nilambe."

"Bibi, hicho ni kielelezo."

"Mnaogopa nitakufa? Nimeulamba kwa mimba tisa. Lete hapa."

Watu wakaangua kicheko. Hata yule askari wa mlangoni alicheka. Hakimu akagonga meza.

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama na yeye amewahi kuzika watoto nyuma ya nyumba. Bibi akasema watatu. Akauliza kwa nini hakutoa taarifa. Bibi akamtazama kwa huruma kabisa. "Mjukuu wangu, nenda kamuulize mama yako kabla hajafa. Na wewe yupo aliyekutangulia."

Mwendesha mashtaka akafunga daftari lake, akaketi. Nikasema moyoni, amepona. Leokadia amepona, jioni hii anampakata Kabula.

Alipewa miaka mitatu. Kwa sababu alificha, na kwa sababu alipoulizwa na familia alinyamaza, na kwa sababu dawa ilikutwa ndani. Bibi Anastazia hakuelewa Kiswahili cha hukumu. Yule kijana alimtafsiria nusu akashindwa, akanitafuta kwa macho. Nikaenda mbele, hakuna aliyenituma, nikamwambia bibi mimi mwenyewe. Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema mtoto hakutajwa.

Wakili mmoja wa kike, wa wale wa msaada wa kisheria, alisikia habari akaichukua rufaa bure. Ikasubiri. Jalada likawa halionekani, likaonekana, jaji akahamishwa, akaja mwingine. Leokadia alikuwa amekula karibu adhabu yote hukumu ya rufaa iliposomwa. Niliisoma yote, na ni nzuri, sitaki kuwadanganya. Jaji aliandika kwamba namna watu wanavyozika si ushahidi wa kutoa mimba. Kwamba mwanamke kunyamaza mbele ya wakwe si kukiri. Kwamba ule udongo haukupimwa na mtu yeyote, na hakuna daktari aliyesema mimba ile ilitolewa na si kwamba ilitoka yenyewe. Maneno ya Bibi Anastazia yamo mle, ukurasa mzima. Akaachiwa huru.

Mawakili wakafanya semina. Mimi niliitwa kutafsiri, kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na fulana, soda, picha zinarushwa ukutani. Kijana mmoja wa suti akasema hukumu hii imefungua mlango kwa wanawake wote. Leokadia alikaa mstari wa mbele na fulana yake, wakampigia makofi, wakapiga naye picha. Akaniinamia: "Wanasema nini?" Nikamwambia wanasema umefungua mlango. Akasema, "Mimi nilifunguliwa."

Na hapa nitasema langu, mwenye kukasirika akasirike. Leokadia alipona kwa sababu hakufanya. Wangapi huku kwetu wamefanya? Wanafunzi, wake za watu, mabinti waliobakwa na ndugu zao. Wanakunywa dawa za kuogeshea ng'ombe, wanaingiza vijiti, wanaoza wakiwa hai kwa sababu wakienda hospitali wataulizwa maswali na mtu mwenye sare. Hao hukumu hii haiwahusu. Nimesimama kando yao kizimbani, nimesema "mimi nilikunywa" kwa sauti yangu, na hakuna aliyewahi kumleta kizimbani aliyewapa hizo mimba. Hata mmoja. Kwa hiyo mkialikwa semina mkala pilau, kuleni, ni haki yenu, ila msiniambie habari ya mlango.

Leokadia hakutaka mlango. Alimtaka Kabula.

Tulikwenda wote wawili Nyarubungo, asubuhi, yeye amevaa gauni langu. Nakala ya hukumu nilikuwa nayo kwenye mkoba, eti labda wataisoma. Tulipoingia uani, migomba haikuwepo. Palikuwa na banda la kuku.

Akatoka mtoto wa kike ndani, amejifunga kanga kama mtu mzima, miguu ina majivu. Alipotuona akarudi ndani, akatoka na kigoda kimoja, akarudi akaleta kingine. Akatuamkia kwa Kisukuma, kwa adabu zote, amepiga goti. Akasema: "Kaeni. Mayu amekwenda kuteka maji, anakuja sasa hivi." Mayu ndiye mama.

Leokadia akakaa.

"Unaitwa nani?" akamuuliza, kwa Kisukuma chake kile cha kuunga.

"Kabula."

"Umekua, Kabula."

Mtoto akacheka, akaziba mdomo. Labda kwa lafudhi.

Mama mkwe akatoka jikoni. Tukamwamkia, akaitika marahaba. Akamtazama Leokadia kwa muda, na nitasema haki, hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kama mtu aliyechoka.

"Mama," Leokadia akasema, "mahakama imesema sikuua."

"Tumesikia. Redioni walisema."

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Mahakama imesema na hilo?"

Leokadia akanigeukia. Hukumu ilikuwa kwenye mkoba, nimeisoma ukurasa kwa ukurasa, mistari mingine naijua kwa moyo. Jina la Kabula halimo. Hakuna aliyeliomba liwemo. Wakili hakukumbuka, jaji hakuulizwa, na mimi niliyeyajua yote hayo nilikuwa nyumbani kwa sababu mdomo haujitumi. Nikamwambia mama mkwe hapana, haikusema.

"Basi," akasema, akarudi jikoni kugeuza ugali.

Mke mpya wa Masanja akaingia na ndoo kichwani, mwanamke mdogo, ana mimba kubwa. Kabula akamkimbilia. Ndoo ilikuwa nzito na mtoto hafiki, na yule mwanamke alikuwa anahema, hajui sisi ni nani. Leokadia akainuka, akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akaitua chini taratibu lisimwagike hata tone. Yule mwanamke akamshukuru. Kabula naye akamshukuru, akamwita mgeni.

Tulitembea mpaka barabarani. Pale tunasubiri pikipiki akasema, "Nitafungua kesi ya mtoto."

"Mahakama ile ile?"

"Kuna nyingine?"

Ameshafungua. Itaanza kusikilizwa baada ya mavuno, na juzi karani amenipigia simu, sauti laini kama sio yeye, anaulizia mtu wa Kihangaza na Kisukuma. Nimemwambia mimi safari hii ni shahidi.